Kurkumini Haifiki Kwenye Damu. Je, Ilikuwa na Haja ya Kufika?

Dada yangu aliniita nimsomee lebo ya kichupa cha vidonge. Maandishi yalikuwa madogo na miwani yake ilikuwa haionekani. "Nisomee hapo kwenye rangi ya dhahabu," akasema.

Nikamsomea: dondoo la manjano, kurkumini asilimia 95, pamoja na piperini ya pilipili manga, hufyonzwa mara 20 zaidi.

"Mara 20 zaidi ya nini?"

Ya ile isiyo na pilipili manga, nikamwambia, kwa sababu kurkumini, ile kemikali inayoipa manjano rangi yake, ikiwa peke yake karibu haifyonzwi kabisa.

Akakizungusha kile kichupa mkononi. "Sasa mdogo wangu, hao wote wanaosema manjano imewatuliza tumbo, iliwatulizaje kama haikuingia mwilini?"

Nilijibu jibu la mtu anayetaka mazungumzo yaishe, kwamba utafiti bado unaendelea. Yeye aliridhika, au alijifanya ameridhika. Mimi swali lake lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kila nilipokaa kusoma kitu kingine likajipenyeza, mpaka nikaamua kulifuata.

## Sehemu kubwa huishia chooni

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Uswidi, Wahlström na Blennow, waliwalisha panya kurkumini, gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Kisha wakafanya kazi ambayo hakuna anayeionea wivu: wakakusanya kinyesi na mkojo, wakapima. Karibu asilimia 75 ilitoka na kinyesi. Kwenye mkojo ilikuwa kidogo mno, na kwenye damu hali ilikuwa hiyohiyo.

Kwa binadamu mambo hayakuwa tofauti sana. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, watu 24 walimeza dozi moja moja, wengine miligramu 500, wengine zaidi, mpaka gramu 12. Kurkumini yenyewe ilionekana kwenye damu ya watu wawili tu, nao walikuwa wamemeza gramu 10 au 12. Ili uipate gramu 12 kutoka kwenye unga wa kawaida wa manjano, ambao una takriban asilimia 3 ya kurkumini, ungelazimika kula zaidi ya theluthi moja ya kilo ya unga kwa mkupuo.

Sababu zinajulikana. Kwanza haiyeyuki kwenye maji. Pili, ile kidogo inayopenya kwenye seli za ukuta wa utumbo hukamatwa hapohapo: seli hizo, na baadaye ini, huibandika asidi ya glukuroni au salfeti, na kitu kilichobandikwa hivyo mwili hukihesabu kuwa ni cha kutolewa nje. Kinachopita kwenye ini hutolewa pamoja na nyongo, kikarudi utumboni kilikotoka.

Hapo ndipo piperini inapoingia. Piperini huzuia vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo ya kubandika. Ile "mara 20" ya kwenye kichupa ina asili yake: utafiti wa Shoba na wenzake wa mwaka 1998, ambapo watu walipewa gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, na kiasi kilichoonekana kwenye damu kikapanda kwa asilimia 2000. Namba ni ya kweli. Kinachosahaulika ni kwamba ilizidishwa kutoka kwenye kitu kilichokuwa karibu na sifuri. Hata baada ya kuzidishwa, kilele chake kilikuwa sehemu ndogo ya mikrogramu moja kwa mililita ya damu.

Nilipofika hapo nilikuwa na jibu la nusu kwa dada: kweli, haiingii. Lakini nusu ya pili ya swali lake ilikuwa bado inanitazama.

## Doa kwenye mkono wa shati

Katika siku hizohizo unga wa manjano ulinimwagikia kwenye mkono wa shati jeupe. Nikapaka sabuni ya kipande, na doa la njano likageuka jekundu la kutu mbele ya macho yangu. Nikasuuza, likarudi njano. Nikapaka tena, likawa jekundu tena. Nilisimama pale nikicheza na doa kama mtoto, shati likanisubiri.

Wanakemia wanalijua jambo hili tangu zamani. Karatasi iliyolowekwa manjano imetumika kupimia magadi na vitu vya jamii hiyo. Kurkumini ikikutana na mazingira ya alkali hubadilika umbo na rangi, na haibadiliki rangi tu, huanza kuvunjika. Mwaka 1997 watafiti waliiweka kwenye mmumunyo wa fosfeti wenye pH 7.2, yaani alkali kidogo sana, kwenye joto la mwili. Ndani ya nusu saa asilimia 90 ilikuwa imevunjika. Walipoongeza majimaji ya damu kwenye mmumunyo ilidumu kwa saa kadhaa, lakini haikudumu milele.

Utumbo mwembamba unaelekea kwenye kiwango hichohicho cha pH kadiri unavyoshuka chini. Kwa hiyo kinachofika kwenye utumbo mpana ni mchanganyiko: punje ambazo hazijayeyuka kwa kuwa hazipendi maji, vipande vya ile iliyovunjika, na ile iliyobandikwa asidi ikarudishwa na nyongo.

Shati nililianika juani na doa likafifia karibu lote. Mwanga nao huiharibu. Kitu hiki kinaharibiwa na sabuni, na jua, na maji ya vuguvugu, na sisi tunakifuata kwenye damu.

## Wapokeaji wa huko chini

Utumbo mpana ndio makao ya wingi wa bakteria wa mwili. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 na Sender, Fuchs na Milo iliwakadiria bakteria wa mtu mzima wa kawaida kuwa trilioni 38, dhidi ya seli zake mwenyewe trilioni 30, na karibu wote wanaishi huko. Kitu chochote ambacho utumbo mwembamba umekikataa, wao ndio wanaokipokea.

Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, lilijiuliza swali ambalo ningependa kuwa nimelibuni mimi: je, kuna bakteria anayeweza kuibadilisha kurkumini? Wakachukua kinyesi cha binadamu, wakawatenga bakteria, wakawajaribu. Aliyeongoza kwa kasi alikuwa E. koli, yule ambaye jina lake tunalisikia zaidi kwenye habari za maji machafu. Ana kimeng'enya ambacho wao walikiita CurA. Kimeng'enya hicho huiongezea kurkumini hidrojeni kwa hatua mbili, na mwishoni inapatikana tetrahidrokurkumini.

Tetrahidrokurkumini haina rangi. Njano yote imeondoka. Na tabia zake si zilezile: ni imara zaidi kwenye pH ya mwili, na katika maabara ina nguvu zake yenyewe za kuzuia uoksidishaji.

Nilirudia kusoma sehemu hiyo mara mbili. Miaka yote hiyo watu wanapima kurkumini kwenye damu, wasiione, wanaandika "haifanyi kazi" au "tuongeze pilipili manga". Kumbe kuna viumbe huko chini wanaigeuza kuwa kitu kingine chenye jina lingine. Ukipima cha kwanza peke yake utasema hakuna kitu.

Na si E. koli pekee. Kuna bakteria wa jenasi ya Blautia ambao hukata vikundi vya methili kwenye molekuli na kutoa bidhaa tofauti kabisa. Wengine wana kimeng'enya kinachobandua ile asidi ya glukuroni ambayo ini liliibandika, na hivyo kuiachia huru kurkumini iliyorudi na nyongo. Maana yake, unachokipata kutoka kwenye kidonge kinategemea kwa sehemu nani anaishi tumboni mwako.

Hapo swali la dada lilianza kubadilika sura. Alikuwa ameuliza "iliwatulizaje kama haikuingia mwilini", na mimi nilikubali bila kufikiri kwamba mwilini ni kwenye damu. Lakini ukuta wa utumbo ni mwili. Ute unaoufunika ni mwili. Kama shida iko pale, dawa inayobaki pale haijapotea njia.

## Nani amembadilisha nani?

Upande wa pili wa habari hii ndio unaopendwa zaidi: kwamba kurkumini nayo huwabadilisha bakteria. Utaisoma kila mahali, kwa kawaida ikiwa na maneno "bakteria wazuri" na "bakteria wabaya", maneno ambayo mimi siyaamini sana, kwa sababu E. koli huyohuyo wa CurA ungempanga wapi?

Ushahidi upo, mwingi wake wa panya. Mwaka 2015 McFadden na wenzake walitumia panya waliobadilishwa jeni ili utumbo wao uwake kwa uvimbe na hatimaye uote saratani. Waliokula chakula chenye kurkumini walipata uvimbe mdogo wa saratani au hawakupata, na jamii ya bakteria wao ilibaki na aina nyingi, ikiwa na ongezeko la Lactobacillales, kundi la bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki. Mwaka mmoja kabla, Ghosh na wenzake walikuwa wamewapa panya chakula chenye mafuta mengi. Waliopewa kurkumini walikuwa na ukuta wa utumbo usiovuja kirahisi, na sumu za magamba ya bakteria zilizopenya kwenda kwenye damu zilikuwa chache kuliko kwa wenzao. Kikundi kingine katika utafiti huo kilipewa antibiotiki ambazo hazifyonzwi, na nacho kilipata nafuu ya aina hiyo.

Antibiotiki zisizofyonzwa! Hizo hakuna anayeziwekea pilipili manga. Hakuna anayelalamika kwamba hazifiki kwenye damu. Zinafanya kazi utumboni na tunaridhika.

Lakini hapa nilikwama kwa siku nyingi kuliko mahali pengine popote, na ningependa ukwame nami kidogo.

Ukiona kurkumini imetolewa, bakteria wamebadilika, na utumbo umepona, ni rahisi kuvipanga kwa foleni: kurkumini ikabadilisha bakteria, bakteria wakaponya utumbo. Foleni inaweza kuwa kinyume. Seli za ukuta wa utumbo mpana zikiwa na afya huishi hasa kwa butireti, asidi ya mafuta mafupi ambayo bakteria huitengeneza kwa kuchachusha nyuzinyuzi. Inazipa takriban asilimia 70 ya nishati yake. Kuichoma butireti kunahitaji oksijeni nyingi, na kwa sababu hiyo seli hizo huimaliza oksijeni kabla haijavuja kwenda upande wa bakteria. Ndani ya utumbo panabaki bila hewa, na bakteria wasiopenda oksijeni wanastawi. Ukuta ukiwaka uvimbe, utaratibu huo unaharibika: oksijeni na naitreti vinavuja ndani, na familia ya kina E. koli, ambayo inaweza kuvitumia vyote viwili, inaongezeka kwa fujo.

Sasa tuseme kurkumini inatuliza tu seli za ukuta. Haijamgusa bakteria hata mmoja. Uvimbe ukishuka, oksijeni itapungua, kina E. koli watapungua, wengine watarudi, na mtafiti atakapopima kinyesi ataandika kwamba kurkumini "imeboresha bakteria wa tumbo". Atakuwa amesema kweli kuhusu mwisho wa safari na amekosea kuhusu njia.

Panya wenye uvimbe hawawezi kutenganisha mambo haya mawili. Unahitaji viumbe wenye utumbo mzima, uone kama bakteria wao wanabadilika.

## Watu kumi na wanne

Jaribio la namna hiyo lipo, na nililifungua kwa hamu. Lilichapishwa mwaka 2018 na Peterson na wenzake: watu wazima wenye afya, wiki nane, wengine wakapewa vidonge vya unga wa manjano, wengine kurkumini, wengine plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa. Hakuna aliyejua amepewa nini. Waliochambuliwa mwishoni walikuwa 14. Wa manjano sita, wa kurkumini watano, wa plasebo watatu.

Watatu.

Wastani ulipendeza: kundi la kurkumini lilionyesha ongezeko kubwa la idadi ya aina za bakteria, kundi la plasebo likapungua. Kwa watu watatu wastani hauna maana kubwa, mmoja akibadilisha mlo wake tu picha yote inageuka. Kilichonivutia ni jambo ambalo watafiti wenyewe walilisisitiza: kila mtu aliitikia kwa namna yake. Ndani ya kundi moja, kwa kidonge kilekile, bakteria wa huyu walipanda na walewale kwa mwenzake wakashuka.

Mtu anayeuza vidonge ataona hapo kelele za takwimu, tofauti za bahati tu. Mimi, baada ya kusoma habari ya CurA na Blautia, naona jambo ambalo ungelitarajia. Kama bakteria ndio wanaoamua kurkumini igeuke nini, na kila mtu ana bakteria wake, kwa nini majibu yafanane?

(Vidonge vya majaribio hayo vilikuwa na piperini. Nakiri niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Unataka kujua kurkumini inawafanya nini bakteria wa utumbo mpana, halafu unaiongezea kitu cha kuifanya isifike huko.)

## Wagonjwa wenyewe

Bakteria tuwaweke kando kidogo. Je, kuna mgonjwa wa utumbo aliyepona?

Wapo waliopata nafuu, hasa wenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ule unaoitwa kolitisi ya vidonda. Mwaka 2006 Hanai na wenzake, huko Japani, waliwafuatilia wagonjwa 89 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Nusu wakaongezewa gramu 2 za kurkumini kwa siku, nusu plasebo. Baada ya miezi sita, kati ya waliochambuliwa, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa 2 kati ya 43 wa kurkumini, na kwa 8 kati ya 39 wa plasebo. Mwaka 2015 Lang na wenzake walichukua wagonjwa 50 ambao dawa ya mesalamini haikuwatosha, wakawaongezea gramu 3 kwa siku au plasebo. Baada ya mwezi mmoja, 14 kati ya 26 wa kurkumini walikuwa wametulia. Upande wa plasebo, hakuna hata mmoja.

Hayo ni matokeo mazuri kwa kitu "kisichofyonzwa". Na ugonjwa huo uko wapi? Kwenye ngozi ya ndani ya utumbo mpana, palepale kurkumini inapofikia.

Kabla hujakimbilia kichupa, soma na haya. Dozi ndogo ya miligramu 450 kwa siku ilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina hiyohiyo, haikushinda plasebo. Na kwa ugonjwa wa Crohn, ambao hushambulia unene wote wa ukuta wa utumbo na mara nyingi huanzia mwisho wa utumbo mwembamba, habari ni mbaya zaidi: jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2020 liliwapa gramu 3 kwa siku wagonjwa waliokwisha fanyiwa upasuaji, ili ugonjwa usirudi. Haikusaidia. Walioupata tena kwa ukali walikuwa wengi zaidi upande wa kurkumini kuliko upande wa plasebo.

Magonjwa mawili ambayo watu huyataja kwa pumzi moja, molekuli moja, majibu yanayopingana. Sioni namna ya kuyafunika hayo chini ya maneno "nzuri kwa tumbo".

Gramu 3 za kurkumini ni sawa na karibu gramu 100 za unga wa manjano kwa siku. Watu wanaosema "nami huwa natumia manjano" na watafiti hawa hawazungumzii kitu kimoja, ingawa rangi ni moja.

## Wale wasioamini hata kidogo

Nilijilazimisha pia kusoma upande unaoniudhi. Mwaka 2017 Kathryn Nelson na wenzake, wanakemia wa dawa, walichapisha uchambuzi mrefu wa kurkumini katika jarida la Journal of Medicinal Chemistry. Hoja yao ilikuwa kali: kati ya majaribio zaidi ya 120 ya kitabibu waliyoyahesabu, hawakuona hata moja lenye udhibiti kamili wa plasebo lililofanikiwa. Wengine wamebishana nao kuhusu hesabu hiyo, na ukiangalia Hanai na Lang unaelewa kwa nini.

Lakini nusu nyingine ya makala yao ilinigusa zaidi, kwa sababu inahusu kemia na si kuhesabu. Kurkumini hung'aa kwa rangi ya kijani ikimulikwa kwa mwanga wa urujuani, na vipimo vingi vya maabara husoma mng'ao. Hukamata metali. Huvuruga utando wa seli. Huvunjika katikati ya jaribio, vipande vyake vikashikamana na protini. Kwa hiyo ukiiweka kwenye kisahani pamoja na karibu kimeng'enya chochote, kipimo kitakuambia kimetokea kitu. Wakati mwingine kimetokea kitu; wakati mwingine ni kipimo kimedanganywa.

Hiyo inagusa moja kwa moja habari za bakteria. Ukisoma kwamba kurkumini "imeua" bakteria fulani kwenye kisahani, jiulize ilikuwa imeyeyushwa kwenye kimiminika gani na kwa kiasi gani. Utumboni haiko hivyo. Ripoti ya kwanza ya nguvu yake dhidi ya bakteria ilitoka mwaka 1949 kwenye jarida la Nature, na tangu hapo kisahani kimetuambia mengi ambayo tumbo halijayathibitisha.

Nilitoka hapo nikiwa na imani ndogo kwa molekuli yenyewe kama dawa ya kila kitu, lakini imani yangu kwa wazo la utumbo ilibaki ileile. Kitu chenye tabia ya kushikana na kila kinachokigusa, ukikitia kwenye damu ni usumbufu. Kwenye uso wa utumbo mpana, ambapo kinagusa vitu vichache na kupita, huenda tabia hiyohiyo ndiyo inayoleta nafuu.

## Ini

Kuna sehemu moja niliyokuwa naikwepa, kwa kuwa dada alikuwa ameshaanza kunywa vile vidonge.

Mwaka 2019 Italia ilikumbwa na wagonjwa wa homa ya ini waliohusishwa na vidonge vya manjano, takriban 20. Wizara ya Afya ikaamuru lebo ziwaonye watu wenye matatizo ya ini, nyongo au mawe ya nyongo. Huko Marekani, mtandao wa watafiti wanaofuatilia ini linalodhuriwa na dawa ulieleza wagonjwa 10. Watano walilazwa, mmoja alifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Saba kati ya hao kumi walikuwa na jeni ya aina moja, HLA-B*35:01, ambayo wengi wetu hatuna. Bidhaa saba zilipimwa maabara: zote zilikuwa na manjano ya kweli, na tatu zilikuwa na piperini.

Tatu kati ya saba haithibitishi kwamba piperini ndiyo mkosaji, na sitaki kulazimisha. Wasio nayo pia waliugua. Hata hivyo fikiria piperini inafanya nini hasa. Inazuia vimeng'enya ambavyo ini hutumia kuondoa vitu. Haichagui, imeonyeshwa kupandisha kwenye damu kiwango cha dawa nyingine pia, mfano propranolol ya moyo na theofilini ya pumu. Mwili unaibandika kurkumini na kuirudisha utumboni kwa haraka ya kushangaza, na sisi tumetengeneza bidhaa ambayo sifa yake kuu ni kuuzuia mwili usifanye hivyo.

Kwa nini?

Kwa mgonjwa wa goti, pengine kuna hoja. Dawa lazima ifike gotini. Lakini dada yangu ananunua kwa ajili ya tumbo.

## Ninavyosoma lebo siku hizi

Natafuta kwanza miligramu za kurkumini, si za "manjano". Kidonge cha miligramu 500 chenye asilimia 95 kina kurkumini na ndugu zake wawili wa karibu kiasi cha miligramu 475, sawa na karibu gramu 16 za unga. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, imeweka kikomo cha kila siku cha miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, ambacho kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 180. Kidonge kimoja tu kimeshapita mara mbili na zaidi. Kijiko cha chai cha unga hakifikii hata nusu ya kurkumini ya kidonge hicho, na kina nyuzinyuzi ambazo bakteria wanazijua vizuri.

Kisha natafuta piperini, na maneno yoyote ya namna ya "hufyonzwa zaidi". Zamani yangenivutia. Sasa kwa mtu anayelalamikia tumbo nayachukulia kuwa sababu ya kuuliza maswali zaidi, hasa kama anatumia dawa nyingine yoyote, dawa za kuzuia damu kuganda zikiwa za kwanza.

Dada nilimpigia simu nikamweleza haya yote kwa mfululizo, bila kupumua. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: je, kuna kipimo cha kumwambia kama yeye ana wale bakteria wanaoigeuza? Nikamwambia cha kununua dukani hakipo. "Basi nitamuuliza daktari anipime ini," akasema, "hicho najua kipo."